Chakula cha Mbwa na Paka Wagonjwa



Katika viwanja vingi vya Kikula, Panda na Shituru kuna mbwa anayelinda nyumba usiku, na paka anayefukuza panya kwenye mufuko wa unga. Kazi yao inaonekana. Baba akiwa kwenye zamu ya usiku, mbwa ndiye anayesimama mulangoni. Lakini siku munyama huyo anapougua, watu wengi wanafanya jambo moja kati ya mawili: wanamuacha ajiponyeshe mwenyewe, ao wanamulazimisha kula bukari iliyobaki jana na kusema: "Akikula atapata nguvu."

Somo letu la leo ni hili: chakula cha mugonjwa kinafuata ugonjwa wake. Chakula kinachosaidia mbwa mumoja kinaweza kumuharibu mwingine. Kidonge kinachotuliza kichwa cha baba kinaweza kuua paka usiku ule ule. Na kuna ugonjwa mumoja ambao, ukimulisha mbwa kwa mukono, unaweza kuondoa uhai wa mutu wa nyumbani. Kwa sababu hiyo tunalileta jambo hili kwenye ukurasa wa usalama na afya.

Hatuwaambii muwanyime watoto nyama ili mbwa ale. Mutoto anakula kwanza. Tunawaonyesha namna ya kutumia vizuri kile kidogo kinachopatikana.

1. ANGALIENI KABLA YA KULISHA

Mbwa akikataa chakula, musimukaribie mara moja na sahani. Simameni mbali kidogo, mumuangalie kwa dakika chache, na mujiulize maulizo haya:

– Hataki kula kabisa, ao anakula kiisha anatapika?
– Anakunywa maji? Mengi kuliko desturi, ao hanywi hata kidogo?
– Anahara? Kuna damu katika choo?
– Mukojo wake ni wa rangi gani?
– Anameza vizuri, ao mate yanachururika na koo linakataa?

Ulizo la mwisho ndilo la kwanza kwa hatari. Mbwa mwenye kutaka kula na asiweze kumeza, taya limelegea, mate yanatoka, sauti imebadilika, anajificha gizani ao anauma watu na vitu bila sababu: huyu anaweza kuwa na kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao waganga wanauita raje. Watu wanazani mufupa umemukwama kooni. Wanamufungua kinywa na kuingiza vidole wamutoe mufupa. Hapo ndipo hatari inapoingia, maana mikrobe ya raje inakaa katika mate.

Mukiona alama hizo, musimulishe kwa mukono na musimufungue kinywa. Ondoeni watoto, fungeni mulango wa kiwanja, na muwaite watu wa ofisi ya ufugaji ao muganga wa wanyama.

Kama mbwa amemuuma mutu ao kumukwaruza, ao mate yake yamegusa kidonda, macho ao kinywa, fanyeni hivi:

a) Osheni kidonda pale pale kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kwa saa. Musipake majivu, mafuta wala dawa ya majani. Kama mate yameingia machoni ao kinywani, suuzeni kwa maji safi tu, bila sabuni.

b) Njooni dispansere siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Sindano zinaanza mara moja, na zinafuata siku zinazohesabiwa. Asikose hata moja.

c) Kama mbwa anaweza kufungwa bila kumuhatarisha mutu, afungwe na aangaliwe siku 10. Lakini aliyeumwa asingojee siku hizo 10 ndipo aje kwetu.

Raje ikisha kuonekana katika mwili wa mutu, karibu kila mara inaua. Kabla haijaonekana, chanjo inaifunga njia. Jambo hilo linajulikana tangu tarehe 6 Julai 1885, wakati Louis Pasteur wa Ufaransa alipoanza kumuchanja Joseph Meister, mutoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema kwamba kwa watu 100 wanaopata raje, 99 wameipata kwa mbwa. Basi mbwa achanjwe kila mwaka. Ugonjwa unakosa njia ya kupita pale ambapo mbwa 70 kati ya 100 wamechanjwa.

2. MAJI YANATANGULIA CHAKULA

Mbwa mugonjwa anaweza kukaa siku moja ao mbili bila kula. Bila maji hawezi kukaa hivyo, zaidi sana kama anahara. Mbwa wa kilo 10 anahitaji kama nusu litre ya maji kwa siku, na zaidi wakati wa jua kali la mwezi wa kumi.

Maji yawe safi, yabadilishwe asubuhi na jioni, na yawekwe kivulini. Angalieni chombo. Wengine wanachukua ndoo ao bidoni ya zamani kutoka kiwandani, iliyobeba asidi, mafuta ya motere ao dawa ya kusafisha madini, wanaikata na kuifanya sahani ya mbwa. Hata ikioshwa mara nyingi, chombo hicho hakifai kwa munyama wala kwa mutu. Sufuria ya zamani ao bakuli ya udongo inatosha.

3. KUHARA NA KUTAPIKA

Huu ndio ugonjwa tunaoulizwa mara nyingi. Mbwa mukubwa aliyekula takataka anaweza kutapika na kuhara siku moja, kiisha akapona. Mumusaidie hivi:

Kama anatapika, mumupumuzishe tumbo kwa masaa 6 mpaka 12, bila chakula. Maji mumupe kidogo kidogo: vijiko vichache kila nusu saa, maana akinywa bakuli nzima mara moja ataitapika yote.

Kutapika kukipungua, pikeni muchele mpaka ulainike sana, bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu. Changanyeni sehemu 2 za wali na sehemu 1 ya nyama ya kuku iliyochemshwa, isiyo na ngozi wala mufupa. Kama kuku hakuna, yai la kuchemsha ao samaki mubichi aliyechemshwa na kutolewa miiba vinafaa. Kwa mbwa wa kilo 10, vikopo 2 vya wali na kikopo 1 cha nyama vinatosha kwa siku nzima. Musimupe vyote mara moja. Gawanyeni mara 4 ao 5.

Fanyeni hivyo siku 3. Choo kikikauka, anzeni kurudisha chakula cha desturi kidogo kidogo kwa siku 3 ao 4. Musimuache na wali peke yake kwa majuma mengi, sababu chakula hicho ni cha kupumuzisha tumbo na hakina vyote vinavyojenga mwili.

Kwa mbwa mutoto mambo ni mengine. Asinyimwe chakula masaa 12 kama mukubwa, maana nguvu yake inaisha upesi. Mutoto wa mbwa anayetapika, anayehara damu yenye harufu kali, aliyelegea, anaweza kuwa na ugonjwa wa parvo. Ugonjwa huo ulitambulikana mwaka wa 1978, na kwa muda mufupi ulienea dunia nzima. Wali na kuku havimuponyeshi. Anahitaji muganga wa wanyama siku ile ile. Mukiwa njiani, mumupe maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, kidogo kidogo, kama anaweza kumeza. Ni maji yale yale munayojua kwa watoto wenu: litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Musizidishe chumvi.

4. HOMA YA KUPE, NA MINYOO

Katika inchi yetu kupe ni wengi, zaidi wakati wa mvua. Mbwa mwenye homa ya kupe anaacha kula, mwili unawaka, ufizi unakuwa mweupe, na mara nyingine mukojo unakuwa mwekundu ao wa rangi ya kahawa. Watu wanasema: "Hana damu, mumupe maini." Maini kidogo ni chakula kizuri, lakini hayaui mikrobe inayovunja damu. Bila sindano ya muganga wa wanyama, mbwa huyo anaweza kufa na maini yake tumboni. Tiba kwanza, chakula kinafuata: nyama kidogo, maini kidogo mara mbili ao tatu kwa juma, yai, na wali. Mutoeni kupe kila siku, na muangalie masikio na katikati ya vidole.

Minyoo nayo inakula chakula cha mbwa kabla yake mwenyewe. Mutoto wa mbwa mwenye tumbo kubwa na mbavu za kuonekana, hata mukimuongezea bukari, munalisha minyoo. Watoto wa mbwa wanapewa dawa ya minyoo tangu juma la 2, kila majuma 2 mpaka wanapoachishwa kunyonya. Wakubwa, kila miezi 3.

Musimutupie mbwa maini ao mapafu mabichi ya mbuzi na kondoo, zaidi yale yenye mapovu ya maji ndani. Kwa Waturkana, kaskazini ya Kenya, waganga wa AMREF wamepigana kwa miaka mingi na ugonjwa unaotokea pale mbwa anapokula matumbo hayo mabichi. Munyoo unakua ndani ya mbwa, mayai yake yanatoka katika choo, yanafika kwenye mikono na vyombo, na mutu anaota uvimbe mukubwa wa maji katika ini ao mapafu. Kuchemsha matumbo kabla ya kumupa mbwa kunalinda nyumba nzima.

5. FIGO, MOYO, INI NA SUKARI

Magonjwa haya yanashika zaidi mbwa na paka wazee. Hayaponi kwa siku 3. Hapa chakula ni sehemu ya dawa, na kinafuatwa maisha yote.

Figo. Munyama anakunywa sana, anakojoa sana, anakonda, na kinywa kinanuka. Musimupunguzie maji hata siku moja mukizani mutazuia mukojo, maana maji ndiyo yanayomuweka hai. Musimupe makayabu, ndakala za chumvi, wala mifupa. Mbwa wa namna hiyo anapewa wali, mafuta kidogo, sehemu nyeupe ya yai, na nyama kwa kiasi ambacho muganga amesema.

Moyo. Mbwa anakohoa usiku, anachoka upesi, tumbo linajaa maji. Adui yake mukubwa ni chumvi. Bukari haina chumvi, lakini muchuzi wa nyumbani unayo, na makayabu yamejaa chumvi. Chukueni fungu la mbwa katika chungu kabla ya kutia chumvi, hivyo hamutahitaji kupika mara mbili.

Ini. Macho na ufizi vinakuwa vya manjano. Munyama huyo ale kidogo mara nyingi, asipewe mafuta mengi. Manjano hiyo inaweza pia kutoka kwa ugonjwa unaoletwa na mukojo wa panya, na ugonjwa huo unamushika mutu vilevile. Musiguse mukojo wa mbwa huyo kwa mukono mutupu, na mumupeleke kwa muganga.

Ugonjwa wa sukari. Anakula sana, anakunywa sana, na bado anakonda. Mbwa huyu anahitaji sindano za insulini. Chakula chake kiwe kile kile, kiasi kile kile, saa ile ile, asubuhi na jioni. Asipewe mukate wa sukari, biskuti wala ndizi mbivu.

6. MIHINDI YENYE UKUNGU

Tunaliweka jambo hili peke yake kwa sababu linafanyika katika nyumba nyingi. Mihindi ikishika maji wakati wa mvua, ikaota ukungu wa kijani ao wa kijivu, mama anasema: "Hii tusikule, tumupikie mbwa." Si vizuri. Katika ukungu wa namna fulani kuna sumu inayoitwa aflatoksini, inayoharibu ini. Moto wa kupika hauiondoi.

Mwaka wa 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 walishikwa na ugonjwa wa ini kwa kula mihindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mwaka wa 2011, katika jimbo la Gauteng, Afrika ya Kusini, mbwa zaidi ya 100 walikufa kwa chakula cha mbwa chenye sumu hiyo hiyo. Ikiwa mbwa muzima anakufa, mbwa mwenye ini dhaifu atapona namna gani? Mihindi yenye ukungu itupwe shimoni, isipewe mbwa, kuku wala nguruwe.

Vilevile muhogo muchungu usiolowekwa na kukaushwa vizuri unabeba sumu, kwa mutu na kwa mbwa. Sombe isiyopikwa sana isitupwe katika sahani yake.

7. PAKA SI MBWA MUDOGO

Mbwa anaweza kuishi kwa bukari kama inachanganywa na samaki, nyama ao mayai. Paka hawezi. Mwili wake umeumbwa kwa kula nyama. Kuna kitu kinachopatikana katika nyama na samaki, kinaitwa taurini, ambacho mwili wa paka hauwezi kutengeneza cha kutosha. Akikikosa muda murefu, macho yanapofuka na moyo unalegea. Mwaka wa 1987 waganga wa wanyama wa Chuo Kikuu cha California, kule Davis, Marekani, walionyesha kwamba paka wengi wenye moyo uliolegea walikuwa na upungufu wa taurini, na walipopewa taurini moyo ulipata nguvu tena.

Kwa hiyo paka mugonjwa asipewe bukari na muchuzi peke yake. Samaki wadogo, kichwa cha samaki, moyo wa kuku, yai la kuchemsha: hivyo ni vitu vya bei ndogo vinavyomufaa. Samaki apikwe. Baadhi ya samaki wa maji matamu, wakiliwa wabichi kila siku, wanaharibu vitamini B1 katika mwili, na paka anaanza kuyumba na kuanguka.

Mukumbuke mambo mengine mawili. Kwanza, paka asiyekula siku 2 ao 3, zaidi akiwa munene, mafuta ya mwili yanajaa katika ini na kumuua. Musingojee juma nzima. Pasheni samaki moto kidogo ili harufu itoke, mumuwekee mahali pasipo kelele wala mbwa. Asipokula, mumupeleke kwa muganga. Pili, paka dume anayechuchumaa mara nyingi bila mukojo kutoka, analia na tumbo ni gumu, njia ya mukojo imeziba. Hilo si jambo la chakula. Anaweza kufa kabla ya siku mbili kuisha.

8. VITU VINAVYOUA

Dawa za watu. Parasetamoli ya miligramu 500, kidonge kimoja tu, inaweza kuua paka. Uso na miguu vinavimba, ufizi unageuka rangi ya kahawa, pumzi inakosa. Ibuprofeni na aspirini zinatoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Dawa munazopewa dispansere zimepimwa kwa mwili wa mutu aliyeandikiwa. Musizifiche ndani ya nyama na kumupa mbwa.

Kitunguu na kitunguu saumu. Vibichi ao vilivyopikwa, vinavunja damu ya mbwa na zaidi ya paka.

Chokoleti, na bonbo ao shingamu zisizo na sukari. Nyingine kati ya hizo zina kitu kinachoitwa zailitoli, kinachoangusha sukari ya damu ya mbwa kwa muda mufupi.

Mifupa ya kuku iliyopikwa. Inapasuka kama sindano na kutoboa matumbo.

Maji ya kupoza motere. Yale yanayotiwa katika radiatere ya kamyo yana utamu, na mbwa anayalamba. Kiasi kidogo kinaharibu figo zake. Wafanya kazi wa garaji, musilete nyumbani bidoni ya maji hayo, na yakimwagika, funikeni kwa muchanga, kiisha muokote muchanga huo.

Sumu ya panya. Paka ao mbwa anayekula panya aliyekufa kwa sumu anaweza kutoka damu ndani. Mukitega sumu, zikeni panya waliokufa.

9. USAFI WA MULISHAJI

Sahani ya mbwa iwe yake, isioshwe pamoja na vyombo vya watoto. Osheni mikono kwa sabuni kabla na kiisha ya kumulisha. Mutoto asitumwe kumulisha mbwa mugonjwa. Hii ni kazi ya mutu mukubwa. Chakula kisipoliwa kwa nusu saa, kiondolewe, maana inzi wanakuja. Nguo na buti za kazi zenye vumbi ya kiwanda zisitupwe mahali mbwa analala ao anakula. Atazilamba, na vumbi ile inaingia tumboni mwake kama inavyoweza kuingia kwenu.

10. MAULIZO NA MAJIBU

Ulizo: Maziwa yanamurudishia mbwa mugonjwa nguvu?
Jibu: Mara nyingi hapana. Mbwa na paka wakubwa wengi hawawezi kuyeyusha sukari ya maziwa, na kuhara kunazidi. Yai la kuchemsha ni bora.

Ulizo: Mbwa wangu hataki kula. Nimufungue kinywa nimutie uji?
Jibu: Hapana. Kwanza, uji unaweza kuingia katika mapafu. Pili, hujui kama ni raje. Pasha chakula moto kidogo, weka sahani chini, rudi nyuma.

Ulizo: Mbwa wangu ni muzee, hana meno. Nimupe nini?
Jibu: Bukari laini iliyochanganywa na samaki aliyepondwa bila miiba, mara mbili ao tatu kwa siku. Angalia uzito wake. Kama anakonda ingawa anakula, ni alama ya ugonjwa mwingine.

Ulizo: Likasi tutapata wapi muganga wa wanyama?
Jibu: Ulizeni kwanza kwenye ofisi ya ufugaji. Lubumbashi, kilometa 120 hivi kutoka hapa, kuna kitivo cha uganga wa wanyama cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Sisi wa dispansere tunatibu watu. Kwa mbwa tunaweza kuwaonya tu, lakini mutu aliyeumwa aje kwetu bila kungoja.

MUKUMBUKE

– Angalia kwanza, lisha nyuma. Mbwa asiyeweza kumeza, usimuguse kinywa.
– Maji safi wakati wote, kwa kila ugonjwa.
– Kuhara: wali laini na kuku ao yai, kidogo kidogo, siku 3.
– Mutoto wa mbwa anayehara damu: muganga siku ile ile.
– Figo na moyo: hakuna makayabu, hakuna chumvi.
– Paka anataka nyama ao samaki aliyepikwa, na asikae siku 3 bila kula.
– Mihindi yenye ukungu si chakula cha munyama yeyote.
– Dawa ya mutu ni ya mutu.
– Mbwa achanjwe kila mwaka. Akikuuma: sabuni na maji dakika 15, kiisha dispansere.

Kateni ukurasa huu, muubandike jikoni karibu na mufuko wa unga. Baba akiwa kazini, mama na watoto wakubwa watajua la kufanya.